Ukuta wako umeingia hifadhi ya barabara: uombe kibali gani?

Mpaka wa kiwanja chako hauko pale lami inapoishia. Mara nyingi hauko hata pale njia ya waenda kwa miguu inapoishia. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wote uliotengwa kwa matumizi ya umma, hupita lami, huruka mtaro, huchukua majani unayoyafyeka kila mwezi ukidhani ni yako, na wakati mwingine huja kusimama hatua chache tu kutoka dirishani. Ndiyo maana wengi hugundua wamevamia siku mpima ardhi anapoitwa kwa jambo jingine kabisa, labda nyumba inauzwa au benki imeomba ramani, naye akapigilia kigingi katikati ya maua.

Ukishafika hapo, au ukiwa bado na mchoro tu mezani, njia za kukihalalisha kitu chako ni chache. Miji mingi inazo zilezile ingawa kila mmoja umezipa majina yake: kibali cha muda, kibali kisicho na mwisho wa karibu lakini kinachoweza kufutwa, haki inayosajiliwa juu ya ardhi yenyewe, na kuifanya sehemu hiyo isiwe barabara tena. Iko na ya tano, ambayo ofisa hatakutajia kwa sababu haina fomu: kurudi ndani ya mpaka wako.

Watu huzilinganisha njia hizi kwa ada na kwa urefu wa kusubiri. Mimi huuliza kwanza jambo moja: siku nikiambiwa nikiondoe, nitapoteza nini? Meza mbili na mwavuli huondoka mchana mmoja. Ukuta unaoshikilia udongo wa mlima hauondoki bila mlima kuufuata. Karatasi ileile iliyo neema kwa mwenye meza ni kitanzi kwa mwenye ukuta.

Huenda huhitaji kuomba chochote

Kanuni za ujenzi zenyewe huwa na uvumilivu kidogo, na ni ajabu jinsi watu wanavyokimbilia foleni ya vibali kabla ya kuzisoma. Chukua Msimbo wa Kimataifa wa Majengo, unaojulikana kwa herufi IBC, ambao ndio msingi wa kanuni za ujenzi katika sehemu kubwa ya Marekani. Una sura nzima, ya 32, juu ya vitu vinavyotokeza barabarani. Ngazi za mlangoni zinaweza kutokeza hadi milimita 305, zikiwa zimekingwa ili mpita njia asizikwae. Turubai la kivuli liache angalau mita 2.1 chini yake. Roshani na madirisha yanayotokeza huanza kuruhusiwa juu ya kimo cha mita 2.4, na hapo hesabu ni rahisi: kila sentimita unayopanda juu ya kimo hicho inakupa sentimita moja ya kutokeza, hadi mita 1.2. Ukifika mita 4.6 kutoka ardhini, kikomo hicho kinaondoka. Chini ya ardhi nako, kitako cha msingi kinaweza kuvuka mpaka kwa milimita 305 iwapo sehemu hiyo imezama mita 2.4 au zaidi. Mlango haupewi msamaha: usifunguke kuelekea njia ya umma.

Maana yake kwa mwenye mchoro ni kubwa. Roshani inayotokeza mita 1 ikiwa kwenye kimo cha mita 2.8 imevunja kanuni. Ipandishe hadi mita 3.5 na imekuwa halali, bila barua wala kikao. Mlango unaofungukia nje unageuzwa bawaba kwa kazi ya nusu siku, au unasogezwa ndani kidogo ili upate nafasi yake ya kufungukia. Jiji lako linaweza kuwa na vipimo vikali zaidi ya hivi, na lenyewe ndilo lenye neno la mwisho, lakini karibu kila mahali mantiki ni hiyohiyo: kitu kikiwa juu ya vichwa vya watu au chini kabisa ya miguu yao kinasumbua kidogo, na kikiwa kati ya goti na paji la uso ndicho kinachogombaniwa.

Kwa nini goti na paji la uso? Kwa sababu ya fimbo nyeupe. Mtu asiyeona hugundua kwa fimbo kile kilicho chini. Kitu kinachoanzia juu ya milimita 685 hivi fimbo inapita chini yake, na mwenye fimbo anakipokea kwa kifua. Viwango vya Marekani vya ufikiaji kwa watu wenye ulemavu vinasema kitu kilichobandikwa ukutani kati ya kimo hicho na milimita 2,030 kisitokeze zaidi ya milimita 100 kwenye njia ya kupita. Rafu ya maua uliyoiwazia chini ya dirisha huanguka hapohapo, hata kama jirani zako wote wanaipenda.

Cha muda na cha ridhaa

Kibali cha muda kina tarehe ya kuisha na kitu kinachojulikana kitaisha: majukwaa ya mafundi yaliyoegemea ukuta, kontena la kifusi, uzio wa eneo la ujenzi, winchi ya siku tatu, meza za mgahawa kwa msimu. Ada yake mara nyingi huhesabiwa kwa ukubwa wa eneo na muda. Hutolewa haraka kuliko vingine vyote, kwa kuwa jiji linajua njia yake itarudi, na sharti kubwa ni kuirudisha kama ulivyoikuta.

Kile kingine nitakiita kibali cha ridhaa, maana ndivyo kilivyo: jiji limeridhia, na linaweza kuacha kuridhia. New York hutumia takriban jina hilohilo, ridhaa inayoweza kufutwa. Hutolewa na idara ya uchukuzi ya jiji kwa vitu kama ngazi za mbele, vyungu vikubwa vya maua, maeneo yaliyozungushiwa uzio, mabomba na hata madaraja kati ya majengo. Kwa kawaida muda wake ni miaka 10, huweza kuhuishwa, na vitu vingi hulipiwa kila mwaka. Na ndani ya miaka hiyo 10, jiji bado lina haki ya kuifuta. San Francisco imeigawa ridhaa mara mbili. Uvamizi mdogo kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba huamuliwa na idara ya kazi za umma. Ule mkubwa lazima upite kwa baraza la jiji, na hapo unatoka kwa wahandisi na kuingia kwa wanasiasa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kujenga kitu cha kudumu juu ya kibali cha muda kwa sababu kilipatikana upesi. Hakuna somo lililo wazi kuliko vibanda vya migahawa vya New York. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, jiji liliruhusu kwa dharura meza kwenye njia za miguu na hata kwenye maegesho ya kando ya barabara. Wenye migahawa wengi wakajenga vibanda vya mbao vyenye kuta, paa na taa. Mwaka 2023 ikaja sheria ya kudumu, na kwenye eneo la barabara iliruhusu meza kuanzia mwezi Aprili hadi mwishoni mwa Novemba tu, tena kwa miundo iliyo wazi na inayoondoleka kirahisi. Vibanda vikavunjwa. Kila aliyekuwa amewekeza kwenye mbao na misumari alipoteza, na aliyekuwa na meza za kukunja hakupoteza chochote, ingawa wote wawili walikuwa na ruhusa ya aina moja.

Kwa hiyo usikihuishe kibali cha muda mara ya tatu kwa kitu ambacho huna nia ya kukiondoa. Kila kuhuisha ni ombi jipya, na kila ombi jipya ni nafasi kwa jirani mwenye kinyongo.

Ridhaa nayo ina masharti ambayo mtu husoma kwa haraka kwa sababu yako mwishoni mwa fomu. Matatu nisingeyapita bila kukaa chini. La kwanza ni bima: jiji litataka uwe na bima ya madhara kwa watu wengine, nalo liandikwe humo kama mmoja wa wanaokingwa, kwa muda wote kitu chako kitakapokuwa pale. Bima ikikatika, kibali kinaweza kukatika nayo. La pili ni ahadi ya kulikinga jiji: mtu akijikwaa kwenye ngazi yako na kulishtaki jiji, wewe ndiye utakayelipa. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito, ni kuondoa kwa gharama yako bila fidia. Kampuni ya maji ikitaka kubadilisha bomba lililo chini ya kibaraza chako, kibaraza kinavunjwa, bomba linabadilishwa, na kibaraza unakijenga upya wewe mwenyewe, kama utaruhusiwa.

Ridhaa au haki juu ya ardhi

Hapa ndipo tofauti inapouma, na ndipo wanasheria wanapostahili malipo yao.

Ridhaa ni uhusiano kati yako na jiji. Haki iliyosajiliwa ni sehemu ya ardhi: imeandikwa kwenye daftari la msajili, ina mipaka iliyopimwa, ina muda au haina, na haifutwi kwa barua ya mhandisi mmoja. Jiji likitaka kuivunja, kwa kawaida italazimu lifuate mkataba wenyewe au litumie mamlaka ya kutwaa, na kutwaa kwa kawaida huja na fidia. Benki inaielewa haki hiyo. Benki ikiona ngazi ya pekee ya kuingilia jengo la ghorofa nne imesimama juu ya ridhaa, itauliza maswali, na itakuwa na haki ya kuuliza.

Basi kwa nini kila mtu asiombe haki? Kwa sababu miji haiitoi ovyo. Barabara inashikiliwa kwa niaba ya umma, na jiji lililotoa haki ya kudumu leo limemfunga mikono mhandisi wa miaka 40 ijayo atakayetaka kupitisha reli au kupanua njia ya baiskeli. Kwa hiyo utaulizwa manufaa ya umma yako wapi, utalipia thamani ya ardhi au ya anga unayoitwaa, na uamuzi hupanda hadi kwa madiwani. Daraja la juu linalounganisha majengo mawili ni mfano mzuri. Seattle, jiji lenye sera ya kutoyapendelea madaraja hayo, huyaruhusu kwa sheria ndogo inayopitishwa na baraza la jiji, na hata hivyo inachotoa ni kibali chenye muda. Hoja yao si uzuri tu. Watu wakipita juu, barabara ya chini inakufa na maduka yake.

Uingereza imechukua njia ya katikati ambayo mimi naiona ya busara. Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980, kifungu cha 177, inakataza kujenga jengo juu ya barabara ya umma bila leseni ya mamlaka ya barabara. Kifungu cha 178 kinashughulikia boriti, mabomba na nyaya zinazovuka juu. Leseni ya jengo si umiliki, lakini masharti yake yanamfunga pia mmiliki anayefuata. Kwa lugha nyingine, ni ridhaa yenye uti wa mgongo kidogo.

Ukiwa unasita kati ya hizi mbili, angalia kama jengo lako linaweza kuishi bila kitu hicho. Kivuli cha turubai kikiondoka, duka linabaki duka. Nguzo inayobeba kona ya jengo ikiondoka, hakuna jengo. Kila kinachobeba uzito, kila kilicho njia ya pekee ya kuingia au ya kutokea wakati wa moto, na kila kinachozuia udongo au maji, kisiwekwe juu ya ridhaa kama una namna nyingine. Na kama jiji haliko tayari kutoa zaidi ya ridhaa, hilo lenyewe ni jibu: badilisha mchoro.

Barabara iache kuwa barabara

Njia hii ndiyo ya watu wenye subira. Unaomba kipande cha hifadhi kiondolewe hadhi ya barabara ili kiunganishwe na kiwanja chako. Ukifanikiwa, mjadala wa vibali umekufa: kitu chako kiko kwako.

Katika sheria ya Uingereza na nchi zilizorithi mapokeo yake kuna kanuni ya kale: njia ikishakuwa ya umma, ni ya umma siku zote, mpaka utaratibu rasmi useme vingine. Kutotumika hakuifuti. Uingereza ina malango mawili makuu: mahakama ya mahakimu, ikiridhika kwamba njia haihitajiki tena au inaweza kuhamishwa, na amri chini ya kifungu cha 247 cha Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 1990, pale inapobidi ili ujenzi ulioruhusiwa ufanyike. Katika majimbo mengi ya Marekani kuna mshangao mwingine: jiji mara nyingi halimiliki ardhi ya barabara bali lina haki ya kuitumia tu, hivyo hadhi ikiondolewa, ukanda unagawanywa katikati na kurudi kwa wenye viwanja vya pande mbili. Unaweza kufadhili mchakato mzima na jirani wa ng'ambo akapata nusu.

Tena usidhani mabomba yatahama. Jiji karibu daima litabakiza haki ya mabomba na nyaya kupita, na juu ya ukanda huo hutaruhusiwa kujenga kitu kizito. Mtu aliyetaka ardhi ili ajenge chumba anaishia na bustani. Kwa ngazi iliyozidi sentimita 30, njia hii ni nyundo ya kuua mbu. Kwa uchochoro usioelekea popote kati ya viwanja viwili vya mmiliki mmoja, mara nyingi ndiyo njia bora kuliko zote.

"Lakini kipo pale tangu enzi za babu"

Sentensi hii husemwa kila mahali, na haisaidii. Kati ya watu binafsi, mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake kwa miaka mingi bila kupingwa anaweza, katika nchi nyingi, kudai kuwa imekuwa yake. Dhidi ya barabara ya umma dai hilo kwa kawaida halisimami. Kibaya zaidi, wengine huitumia kama silaha wakiomba kibali, na barua yao inakuwa kukiri kwa maandishi kwamba wamevamia kwa miaka 30.

Bora uombe ukiwa na ramani ya mpima ardhi, picha, na kipimo cha njia kinachobaki wazi. Kipimo hicho ndicho kinachoamua mengi. Mwongozo wa ufikiaji wa njia za umma uliokamilishwa Marekani mwaka 2023 unataka njia ya mtembeaji isiyopungua mita 1.2. Mwongozo wa Uingereza unapendelea mita 2, na unavumilia 1.5. Ukuta wako wa zamani ukiacha mita 2 bila shida, una hoja. Ukiacha sentimita 90, hata ungekuwa umejengwa na mfalme, mhandisi atawaza mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye kiti cha magurudumu, na atakuwa sahihi. Kona nayo ina kesi yake: kitu kinachomziba dereva asione anayevuka hakipati kibali cha aina yoyote, cha muda wala cha ridhaa, na nisingepoteza ada kujaribu.

Ukiniuliza kitu kwa kitu

Meza, vyungu vinavyobebeka na mabango ya kusimamisha: cha muda, na ununue vitu vya kukunja.

Turubai, taa na alama za duka juu ya kichwa: soma kanuni za ujenzi kwanza, kisha ridhaa kama bado inatakiwa.

Ngazi na mteremko wa kiti cha magurudumu: jaribu kwa bidii kuvirudisha ndani ya jengo. Kwenye jengo la zamani lisilo na nafasi, ridhaa inafaa, na miji mingi huupokea mteremko kwa upole zaidi kuliko ngazi kwa sababu unafungua mlango kwa aliyekuwa amefungiwa. Hakikisha tu hauwi kikwazo kwa mwenye fimbo anayepita.

Uzio na ukuta wa bustani: urudishe ndani. Najua hutaki kusikia, lakini uzio ni rahisi kuusogeza leo kuliko kuulipia bima kwa miaka 20 kwa ajili ya sentimita 40 za majani.

Ukuta wa kuzuia udongo: haki iliyosajiliwa, au usogeze. Ukishindwa yote mawili na ukabaki na ridhaa, pata michoro ya mhandisi wa majengo inayoonyesha namna utakavyobomolewa bila kuangusha barabara, kwa sababu siku moja mtu atauliza.

Chumba cha chini kinachopita chini ya njia ya miguu: hapa usifanye chochote bila kujua yaliyomo ardhini. Njia ya miguu juu yake imekuwa paa lako, na gari la zimamoto likipanda juu yake uzito huo ni wako. Omba mkataba unaosema waziwazi nani anatunza dari na nani anazuia maji.

Na kama ndiyo kwanza unanunua nyumba yenye mojawapo ya hivi, usiridhike muuzaji akikuonyesha kibali. Tafuta jina lililoandikwa juu yake. Vibali vingine hufuata ardhi, vingine hufa mwenye jina anapouza, na barua ya jiji ya kukubali kukuhamishia inapaswa kuwa mkononi mwako kabla hujatia sahihi, pamoja na cheti cha bima ambacho bado kina siku za kuishi.